Namba Iliyoitwa Tasa

Msomaji, andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, namba yenye tarakimu 21. Nimeishi nayo tangu nilipokuwa nikifundisha Hisabati katika chuo cha ualimu, kabla ya kukabidhiwa ofisi ya mkuu.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya namba za aina hii alizodai kuwa tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Yetu ilikuwamo. Zaidi ya miaka mia mbili ilipita bila mtu kumkanusha. Nani angekaa kuigawanya?

Neno hilo "tasa" sikupenda kulitamka mbele ya wanachuo wa kike. Shangazi yangu, dada yake baba, aliitwa hivyo ukweni kwa miaka tisa, mpaka akarudishwa nyumbani na sanduku lake la bati. Hakuna aliyekuwa amempima, wala kumpima mumewe. Aliolewa tena, akazaa. Mtoto wa kwanza alimpa jina la baba yangu.

Nirudi kwenye namba. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa si tasa, wala hakuonyesha hata kigawo kimoja! Njia yake, kama ilivyonyooshwa baadaye na D. H. Lehmer, ni hii: chukua 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba yetu, ushike baki. Baki hilo lifanyie vivyo hivyo, mpaka zitimie mara 65. Baki la mwisho lisipokuwa sifuri, namba si tasa. Mwanachuo mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama hatujui inagawanyika kwa nini, tumejuaje kwamba inagawanyika?" Katika miaka yangu yote ya chaki sikuulizwa swali bora kuliko hilo.

Vigawo vilisubiri miaka 27. Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya Chama cha Wanahisabati cha Marekani. Inasimuliwa kuwa hakusema neno. Alikokotoa namba yetu ubaoni, kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akaketi, watu wakapiga makofi. Husemwa pia kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha kwenyewe ni ukurasa mmoja wa daftari. Nimefanya kwa kalamu, na mtoto wa darasa la saba mwenye subira ataweza. Kuvitafuta ndiko kugumu. Hata hivyo Cole hakupapasa gizani kabisa, kwani ilikwisha kujulikana kuwa kila kigawo cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 134. Nilikijaribu kile kidogo: 193,707,720 gawanya kwa 134 ni 1,445,580, bila baki. Kile kikubwa nimemwachia mjukuu wangu.