Sanduku la bati na jina la mwenyewe
Ukifika Mumbuni, nje kidogo ya mji wa Machakos ulioutangulia hata Nairobi, siku shule zinapofunguliwa utawaona wanafunzi wa bweni wakishuka matatu na masanduku ya bati. Usiyadharau. Huenda kwenu lipo moja la kale, alilobeba babu kwenda shuleni au jeshini, nawe unataka kulipaka rangi uliuze.

Subiri kwanza. Lifungue, liinue juani: nuru ikipenya chini, bati limeliwa na kutu. Kagua bawaba na pembe. Ribiti zilizolegea, fundi wa jua kali atazigonga upya. Kutu ya juujuu huondolewa kwa msasa, kisha ikapakwa rangi ya kuizuia isirudi. Lakini jina lililoandikwa kwenye kifuniko usiliguse. Mnunuzi hutaka sanduku linalong'aa. Wajukuu watauliza lilikuwa la nani.

Langu nililipaka lote rangi ya samawati. Linapendeza, ila jina la marehemu baba halionekani tena. Wewe jihadhari, ya kale ni dhahabu.