Siku Tano Mtoni, Kutafuta Kanisa la Barua



Mama yangu ana barua moja tu ya dada yake. Iliandikwa Yakusu, kando ya mto Congo, mwaka 1973, na imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mistari miwili ya katikati haisomeki tena. Mama mkubwa alikwenda kule kujifunza uuguzi, hakurudi. Mwaka uliofuata homa ilimshika, akazikwa kule kule, na kutoka milimani kwetu hakuna aliyeweza kufika kwenye mazishi. Katika barua anaeleza kanisa la matofali lililo karibu na mto, kisha anaandika kwamba kule ngoma inaita watu kwa majina yao. Kila nilipomsomea mahali pale mama alicheka. Alisema dada yake tangu utoto alipenda kutia chumvi.

Likizo kubwa iliyopita zamu yangu ya likirimba ilifika. Nikamwambia mama, twende tuone.

Barabara ya Beni mpaka Komanda sitaieleza, kila mmoja wetu anajua namna moyo unavyokaa pale. Baada ya Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende tuliingia Kisangani tukiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Tulipumzika siku mbili. Tulipanda toleka, zile baiskeli zinazobeba watu, tukaenda misioni ya Mtakatifu Gabrieli iliyoanzishwa mwaka 1897 na padri Gabriel Grison. Mama, ambaye ni Mprotestanti wa kweli, alisimama mlangoni kwanza kana kwamba anaomba ruhusa. Tulikumbuka pia mwaka 1964, wakati wa Wasimba, mapadri na masista wengi walipouawa katika mji ule na vijiji vyake. Katika nyumba hizi za sala watu walibatizwa, na katika nyumba hizi hizi watu walijificha.

Darasani huwa ninafundisha juu ya mahekalu ya Misri, Karnak na Luxor, na jinsi watalii wanavyoyatembelea kwa meli juu ya Nili. Wanafunzi hushangaa nikiwaambia kwamba maji ya Semuliki yetu yanaingia Ziwa Albert na kufika katika Nili ile. Makanisa ya mto Congo si ya miaka elfu tatu. Lakini ukitaka kuyaona, nayo pia yanafuatwa kwa mto, kwa sababu waliyoyajenga walikuja kwa mashua. Kutoka Kisangani kwenda chini mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1.700 bila poromoko la kuzuia chombo. Juu ya mji kuna maporomoko ya Wagenia, na hapo ndipo mashua zote zinakomea.

Tulipanda balinieri ya mbao iliyobeba chumvi, sabuni, bia na mabalo ya nguo. Kiti chetu kilikuwa gunia. Nahodha alisema hatasimama Yakusu kwenda, tutashukia pale wakati wa kurudi, maana mizigo ilingojewa Isangi. Basi tulipita mbele ya Yakusu saa tano asubuhi, na mama aliona paa kwa mbali, katikati ya miti. Hakusema neno. Alifunga kitambaa chake upya.

Mto ule, wamama, si kama mito yetu ya kuruka juu ya mawe. Ni mpana hata unadhani ng'ambo ni ng'ambo, kumbe ni kisiwa. Wanawake wa Kilokele wanatokea na pirogi zao, wanapiga makasia kwa nguvu, wanashika ukingo wa balinieri inayotembea na kujifunga pale. Wanauza samaki wa kukauka, chikwange, ndizi, mafuta ya mawese. Mmoja alikuwa na mtoto wa miezi michache mgongoni, na bado alihesabu franka haraka kuliko mimi mwalimu. Bei wanapanga kwa Lingala. Kiswahili chetu kilisikiwa vizuri na wazee; kilifika Kisangani na Wangwana wa Tippu Tip, na kule ndiko kinakutana na Lingala.

Usiku wa kwanza ndio ninataka mama yeyote anayewaza safari hii ausikie vizuri. Wanawake waliomba nahodha asimamishe chombo giza lilipoingia. Alikataa. Maji ya kiangazi yalikuwa yamepungua, na kama saa mbili usiku tulipanda juu ya mchanga kwa kishindo, balinieri ikainama upande mmoja. Watoto walikuwa kumi na zaidi. Jile za kuogelea nilihesabu nne, zote kwenye chumba cha nahodha. Wanaume waliruka majini wakasukuma mpaka karibu na mapambazuko, na sisi tulikaa tumewafunga watoto kwa vitenge vyetu, mtoto mmoja kwa mtu mzima mmoja, hata wale tusiojua mama zao. Mama yangu alifungwa na kijana wa miaka sita aliyelala kama hakuna kitu. Ukisafiri, nunua jile yako Kisangani kabla ya kununua hata mkate, na uliza nahodha mbele ya watu kama anatembea usiku. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ngojea chombo kingine.

Yangambi tuliiona kwa haraka, na kituo chake kikubwa cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1933. Isangi tulikaa siku moja. Pale mto Lomami unaingia katika Congo, na misioni ya Wakatoliki iko karibu na maji. Tulisali pale jioni pamoja na wamama wa parokia, wakatulisha sombe. Kisha tukaanza kupanda mto, polepole sana, safari hii na nahodha mwingine aliyefunga chombo kila jua lilipozama.

Yakusu tulishuka siku ya tano. Wabatisti wa Uingereza walianza misioni ile mwishoni mwa karne ya 19, na daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920 akapigana na ugonjwa wa malale katika vijiji vyote vya kando. Kanisa tulilikuta kama lilivyo katika barua. Kaburi hatukuliona. Mzee mmoja alituonyesha mahali ambapo misalaba ya mbao ilikuwa, sasa ni majani na mihogo. Mama alisimama pale muda mrefu, halafu akauliza habari ya ngoma.

Mzee alicheka. Akatupeleka nyuma ya nyumba yake, penye gogo lililochimbwa ndani na kuachwa mwanya mrefu juu. Upande mmoja unatoa sauti wanayoiita ya mwanaume, upande wa pili ya mwanamke. Kilokele, kama Kinande chetu, kinabadilisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma inafuata sauti zile. Kwa sababu maneno mengi yanafanana kwa sauti, mpigaji anarefusha: hasemi mwezi tu, anasema mwezi unaotazama chini duniani. Na kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, ndiyo, hata wageni walipewa. Siku hizi vijana wana simu, alisema.

Jina la mama mkubwa hakulikumbuka. Alipiga mwito wa zamani wa kuita watu kanisani, na ng'ambo ya kijiji watoto wakakimbia kuja kuona kuna nini.

"Basi hakutia chumvi," mama akasema. Akamwomba apige tena, naye akapiga. Pirogi ya moteri ya kwenda Kisangani ilikuwa inaita abiria wa mwisho, jua liko chini, na mimi nilikataa. Tulilala Yakusu, kwa mjane mmoja aliyetupa kitanda chake.