Pikipiki ya Kwenye Stoo ya Mahindi

Skrubu ya kwanza niliiharibu ndani ya dakika kumi. Nilikandamiza bisibisi, nikazungusha kwa nguvu zangu zote, ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena, mpaka ule msalaba wa kichwani ukageuka shimo la duara. Hapo nilikuwa bado sijafungua kitu chochote. Nilikaa juu ya gunia tupu nikaitazama ile skrubu kama mtu aliyefeli mtihani kabla hajaandika jina lake.

Baadaye nilijifunza kwamba Wajapani walikuwa na kipimo chao wenyewe cha msalaba. Bisibisi ya kawaida ya nyota haizami hadi chini, hivyo hupanda juu na kula kichwa cha skrubu. Zilizobaki nilizifungua kwa bisibisi niliyoisaga ncha kidogo, nikiigonga kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Ile ya kwanza ilitoka kwa tindo, kwa msaada wa fundi, na kwa maneno ambayo mama hakupaswa kuyasikia.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya volti 6, ya baba, aliyokuwa akizungukia vijiji alipokuwa bwana shamba huku Njombe. Tangu nipate akili niliiona ikiwa stoo, imeegemea ukuta nyuma ya magunia ya mahindi, kuku wakiatamia kwenye kiti chake. Siku mnunuzi wa chuma chakavu alipopita na mizani yake, baba alisema kwa kifupi tu, "Wachukue." Mama alikuwa anachambua maharage barazani. Aliinuka, akaingia ndani, akaacha ungo pale pale. Nililiona hilo lakini sikulitilia maanani. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, ajira ya ualimu haijatoka, na nilikuwa natafuta kitu chochote kitakachonifanya niamke asubuhi nikiwa na sababu.

"Baba, niachie mpaka baada ya mavuno."

"Wewe utaifanya nini?"

"Nitaitengeneza."

Alicheka. Halafu akamwambia yule mtu arudi mwezi wa nane.

Bahati yangu ni kwamba CG ni pikipiki inayomvumilia mjinga. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, wakiwalenga watu watakaoibebesha kupita kiasi na kusahau kuifanyia sevisi. Ndiyo maana hawakuweka kemu juu ya silinda pamoja na cheni yake ya kulegea. Waliiweka chini, yenye nundu moja tu, nayo inasukuma fimbo mbili nyembamba za chuma zinazofungua valvu. Haina mbio, lakini haina makuu. Wachina wakaipenda, wakainakili, na nakala zake zikajaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Kwa hiyo nilipohitaji ringi za pistoni au gasketi sikuagiza mbali. Nilitembea mpaka kwenye duka la spea karibu na stendi, nikaonyesha kile kibovu, nikapewa kinachofanana. Vingi viliingia vyenyewe. Vingine tuliviingiza kwa tupa.

Nilipiga picha kwa simu kila nilipofungua kitu, na nati niliziweka kwenye trei ya mayai, kila tundu na karatasi yake. (Shauri hilo nampa yeyote anayetaka kujaribu. Kumbukumbu hudanganya, trei haidanganyi.) Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda. Nilimimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, nikaacha siku sita. Kila jioni niliweka gia ya mwisho na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma, taratibu, kama anayebembeleza mtoto mgonjwa. Siku ya saba gurudumu la nyuma lilizunguka, na ndani ya injini kitu kikahema. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama ni nyoka.

Tanki tulilijaza siki na kokoto ndogo, watoto wa jirani wakawa wanalitikisa kwa zamu. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi.

Kisha nikafika kwenye shokapu za mbele.

Nilizichomoa, nikayalaza mabomba yake juu ya kioo cha dirisha la zamani na kuyaviringisha. Bomba lililonyooka huenda kimya. La kulia lilikwenda likiruka. Fundi aliyekuwa akija Jumamosi kunisaidia, kijana mdogo kuliko mimi, aliinama, akashika sehemu ya kukanyagia abiria upande ule ule wa kulia. Ilikuwa imekunjwa kuelekea juu. "Dada, hii ilianguka," alisema. "Na haikuwa na mtu mmoja."

Mama yangu anachechemea mguu wa kulia. Tulikua tukiambiwa aliteleza kisimani. Ilikuwa habari ya nyumbani ambayo hakuna aliyewahi kuihoji, kama vile hakuna anayehoji kwa nini mlango wa jikoni unafungukia nje.

Jioni ile nilimfuata baba alikokuwa anapukuchua mahindi.

"Baba, hii pikipiki ilianguka na mama?"

Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu. "Nilikuwa naendesha mimi. Kulikuwa na utelezi." Akachukua gunzi jingine.

Wiki mbili zilizofuata nilimwamkia baba kila asubuhi kama inavyopasa, na zaidi ya shikamoo sikumpa kitu. Nilisugua kutu kwa msasa kwa hasira. Nilimwona mama akibeba ndoo, bega moja likishuka kila hatua, na nikamhesabia baba miaka: alimwangusha, akawadanganya watu, akaificha pikipiki nyuma ya mahindi, na sasa alitaka kuiuza kwa kilo. Kesi yangu ilikuwa imekamilika. Nilibadilisha mabomba yote mawili ya shokapu, nikalitupa lile lililopinda uani mahali ambapo lazima angelipita akienda chooni.

Mama ndiye aliyeliokota. Alikuja nalo stoo, akakaa kwenye kigoda, akaliweka mapajani.

"Baba yako alikwambia alikuwa anaendesha yeye?"

"Ndiyo."

Akacheka, kicheko cha msichana ambacho sikuwa nakifahamu. "Nilikuwa naendesha mimi."

Ilikuwa mwaka 1996. Jumapili jioni baba alikuwa akimfundisha kwenye njia ya katikati ya miwati, mbali na macho ya watu. Alishaweza kubadili gia. Alishafika gia ya tatu. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu, na kwenye mteremko akaogopa, akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Gurudumu likajifunga, pikipiki ikaanguka upande wa kulia, mguu wake ukabaki chini. Alininyooshea kidole kwenye pedeli ya breki. Ilikuwa imepinda vilevile. Miezi miwili nilikuwa nikiizungusha mikononi bila kuona kwamba aliyebanwa pale ni dereva, si abiria.

Pikipiki ilikuwa bado ya ofisi. Ingejulikana kwamba bwana shamba alimwachia mkewe usukani, kazi ingemtoka. Kwa hiyo kazini baba alisema alianguka peke yake, na nyumbani wakasema kisima.

"Sasa kwa nini aliinunua ilipochakaa, kama hataki kuiona?"

"Nilimwomba mimi," mama alisema. "Akaniahidi akiitengeneza atanimalizia kunifundisha." Alilitazama lile bomba. "Kila mwaka alikuwa na sababu. Mwaka mmoja mbolea, mwaka mwingine ada zenu. Anaogopa, baba yako. Mimi niliumia mguu, yeye akaumia kusikojulikana."

Sikujua nimwombeje baba radhi. Kwetu mtoto haendi kwa mzazi na kusema "nilikuhukumu". Nilimpelekea chai, nikakaa karibu naye, nikamwambia nimekwama kwenye valvu, na ilikuwa kweli. Aliinuka bila neno. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti la zamani: kipimo cha vijani vya chuma, vimepakwa grisi, havina hata doa la kutu. Miaka yote hiyo.

"Sifuri nukta sifuri nane," alisema. "Zote mbili. Injini ikiwa baridi."

Tulizipima pamoja. Mikono yake ilitetemeka kidogo, lakini kijani kilipoingia aliacha kunipa kitu kingine na kuniwekea kidole changu mwenyewe pale, nisikie jinsi chuma kinavyopaswa kukwaruza: kisibane, kisielee.

Iliwaka mwanzoni mwa mwezi wa nane, baada ya kiki nisizozihesabu na kabureta niliyoifungua na kuisafisha mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza niliacha uchafu kwenye kitundu cha mwendo wa taratibu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe wa ile dizeli yangu, kisha ikatulia ikipiga polepole. Kuku wote walihama. Mnunuzi wa chuma hakuwa amerudi bado.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa amevaa suruali ya mdogo wangu chini ya kitenge, na buti za mvua za baba. Alipanda bila kuniuliza, akashika klachi, akaitazama njia ya uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba.

"Breki nianze na ipi?" aliuliza, na hakuwa akiniuliza mimi.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Zote mbili," alisema. "Na ya nyuma usiikanyage ghafla."