Usiulize Mwezi, Uliza Saa

Kwetu Kapsoit, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu, mvua ya mawe si kioja. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu alasiri, na muda si muda shamba la chai limegeuka jeupe. Nililelewa katika baridi hiyo, nikachuma chai pamoja na mama, kisha binamu yangu aliyefanya kazi Nanyuki akaniita Mlima Kenya niwe mpagazi. Baada ya miaka kadhaa ya kubeba mizigo nikawa mwongozaji, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Njia yetu ya kila mara ilikuwa Sirimon. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kisha Shipton's, mita 4,200. Na kutoka hapo tukapanda kilele cha Lenana, mita 4,985. Batian, mita 5,199, tuliwaachia wakwezi wa kamba.

Wageni kutoka Ulaya waliuliza majira yetu ya baridi ni lini. Mlima huu uko karibu kabisa na ikweta. Hauna majira hayo. Theluji huzidi wakati wa masika na vuli, lakini hata Januari au Agosti yaweza kuanguka usiku na kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia, “Kijana, usiulize mwezi, uliza saa.”

Ndiyo maana tuliondoka Shipton's saa tisa usiku, kila mtu na kurunzi kichwani. Usiku baridi hugandisha changarawe na theluji, na mguu hupata mahali pa kukaa. Jua likishapanda, theluji hulegea, mawe yaliyoshikwa na barafu huachia, na kabla ya saa sita mawingu huweza kufunika njia yote. Anayechelewa kileleni hushuka kwenye utelezi bila kuona mbele.

Theluji nene haikunitia hofu. Unaipiga kwa ncha ya kiatu, unatengeneza kidato, na wa nyuma anakanyaga palepale. Hatari ni barafu nyembamba iliyopaka mwamba, ambayo jicho halioni hata kwa kurunzi. Hapo nilitangulia nikigonga kwa fimbo, na wageni wakafuata kwa hatua fupi. Asubuhi niliwahimiza wavae miwani ya jua, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho. Na mtu akianza kuyumba kama mlevi, hatukungoja kupambazuke. Tulimshusha usiku huohuo, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko huua.

Mlima wenyewe umebadilika. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana upande wa kusini, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Palipokuwa na barafu imara sasa pana kokoto na mawe yanayoporomoka. Ramani za zamani hazitoshi tena. Mwongozaji hujifunza njia upya kila msimu.

Kuna jambo lililoniuma miaka yote. Mgeni alipanda na buti nzito na makoti mawili. Mpagazi, mwenye gunia mgongoni, alikanyaga theluji ileile kwa raba zilizotoboka na soksi mbichi. Nimewakanda vijana miguu iliyokufa ganzi, vijana ambao siku hiyo ndio waliobeba mahema na chakula chetu sote. Hakuna ustadi wa njia unaoweza kufidia kiatu kibovu.

Basi ndugu msomaji, ukienda mlimani, kabla hujavuka lango tazama miguu ya anayekubebea mzigo. Kama hana buti, koti la mvua na glavu, sema na kampuni iliyomwajiri, na mzigo usiinuliwe mpaka avipate. Uhai wake una thamani sawa na wako.