Herufi za Jikoni

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu nchini Uingereza, nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyemiliki Bentley ya miaka ya 1920. Kila mwaka aliipeleka Silverstone, uwanja uliojengwa juu ya kituo cha ndege za vita, akashindane na wenzake. Hakuna aliyelipwa. Walishindania kikombe na, nadhani, ujana.

Gari lilikaguliwa kwa ukali: usukani, magurudumu, breki, hata tone la mafuta chini ya injini. Dereva naye alitakiwa kuvaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto upesi. Lakini mengi ya magari hayo hayana mikanda wala fremu ya kumkinga mtu yanapopinduka, huachwa yalivyoundwa. Kinga iliyobaki ni mwili wa dereva. Tena katika Bentley hizo kanyagio la mafuta liko katikati na la breki kulia, hivyo mguu uliozoea gari la kila siku, ukishtuka, huongeza mwendo badala ya kusimama.

Ili apate leseni ya mbio, daktari alipaswa kumpima moyo, shinikizo la damu na macho. Wiki chache kabla ya kipimo mzee alibandika jikoni karatasi ya herufi. Jioni moja aliniomba nimwonyeshe mistari kwa kijiti. Akaziba jicho la kulia, akasoma yote bila kosa. Kwa utani tu, nikaanza mstari wa mwisho kutoka kulia. Yeye akausoma kutoka kushoto, vilevile bila kosa.

Nilisita. Nilikuwa mgeni niliyekula mezani pake, na kwetu kijana hamwambii mzee kwamba haoni. Hatimaye nikamwambia nimeanzia upande gani. Akanijibu kwamba ameliendesha gari lile kwa miaka thelathini. Nikasema watakaokuwa ubavuni pake hawajui habari ya jicho lake la kushoto.

Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu aliibandua karatasi, akaniomba nimsindikize kwa daktari wa macho. Ulikuwa mtoto wa jicho.

Msimu ule Bentley ilibaki gerejini chini ya turubai. Jumapili asubuhi nilimsikia akiiwasha, akiiacha ingurume kidogo, kisha akiizima.