Herufi Kubwa na Ndogo Njiani Bariadi

Msafiri atokaye Lamadi kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mwaka 2012, huliacha Ziwa Viktoria nyuma yake, akapita Dutwa na Nyakabindi katikati ya mashamba ya pamba. Maandishi hayamwishi njiani: vibao vya shule, vya zahanati, majina ya maduka yaliyopakwa rangi ukutani. Mengi yana ila moja. Fundi amechukua mwandiko wake wa daftari akaupanua tu, hata herufi zimeachana kama ng'ombe malishoni, na aliye ndani ya basi hasomi kitu.

Wachina waliling'amua jambo hili zamani sana. Wanayo hati iitwayo kaishu, iliyo wazi na iliyonyooka, ambayo watoto huanza nayo. Kila alama hukaa katika mraba wake, na mistari yake hufuatana kwa utaratibu: wa juu kabla ya wa chini. Hati hiyo ina kubwa ya vibao na malango, ya kati ya kujizoezea, na ndogo ya vitabu. Lakini ndogo si kubwa iliyopunguzwa! Kubwa huandikwa kwa mkono mzima ulioinuliwa, ikabanwa isitawanyike. Ndogo huandikwa kwa ncha ya brashi, mkono umeegemea meza, ikapewa nafasi ndani yake isije ikawa doa la wino. Katika mitihani ya kuingia kazi za serikali, iliyokomeshwa mwaka 1905, mwenye mwandiko mbaya aliweza kukosa kazi kwa sababu hiyo.

Uchina hauko mbali nasi kama tudhanivyo. Mapadre wa Maryknoll walipelekwa huko kwanza, mwaka 1918. Wakomunisti walipotwaa nchi mwaka 1949, wamisionari walifungwa na kufukuzwa. Mwaka 1954 shirika hilohilo lilipokea kazi huku kwetu Usukumani, na mwaka 1956 likaundwa Jimbo la Maswa.

Tangu siku za wamisionari, hati ndogo kwetu ni ile ya kitabu cha ubatizo. Safu zake ni nyembamba, na majina yetu ya Kisukuma hayamhurumii mwenye haraka. Masunga na Masanga hutengwa na herufi moja tu. Ng'wandu akikosa alama yake ya juu, huwa mtu mwingine. Na huyo mtoto, baada ya miaka ishirini na mitano, atakuja na mchumba wake kutaka cheti cha ubatizo, kwa maana bila hicho ndoa haiandikishwi. Karani atapitisha kidole ukurasa mzima, asimwone. Ndipo hutafutwa msimamizi wa ubatizo, naye pengine amekwisha kufariki, na tangazo la ndoa hungoja.

Basi, wazazi, mletapo mtoto kubatizwa, msiondoke ofisini upesi. Mwombeni karani awasomee mstari ule, herufi kwa herufi, wino ukiwa bado mbichi. Hatakasirika.