Shanga za Maji Siji Nazo

Houston, Texas

Mwanangu Rehema,

Orodha yako ya vitu vya kuwaletea nimeipata. Viatu vya Salim nimeshanunua, vitamini za mama yako pia. Zile shanga za maji siji nazo.

Najua Salim kaziona kwenye simu, na kusema kweli zinapendeza: kavu ni ndogo kama punje ya mtama, zikilala majini zinavimba zikawa gololi laini za kuteleza. Salim ana miaka saba, akikatazwa anasikia. Ninayemhofia ni mdogo wake Nuru, anayetambaa sasa na kutia kinywani kila kinachong'aa. Shanga hizi zinadunda, zinaingia chini ya makochi, zikikauka zinarudi udogo wake wa awali. Utafagia leo, mwezi ujao ataokota moja.

Na akiimeza, haiishii hapo. Ni plastiki ya jamii ileile inayofyonza mkojo ndani ya nepi. Tumboni haiyeyuki, inaendelea kunywa maji na kukua hadi izibe utumbo. Hapa Texas, kwa kisa kilichoripotiwa mwaka 2012, mtoto wa miezi minane alifanyiwa upasuaji, madaktari wakatoa tufe la kijani lililokuwa limeziba utumbo wake. Eksirei ilionyesha tumbo limejaa gesi, lakini tufe lenyewe halikuonekana, kwa kuwa limejaa maji tu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Sarafu ikimezwa, picha inaionyesha. Hii daktari anaweza kuipita huku mtoto akitapika, akikataa kunyonya, tumbo likijaa. Sikioni nako ni balaa: mtoto analia, anadhaniwa ana uambukizo, anatiliwa dawa ya matone, na shanga inazidi kuvimba kwa hayohayo matone.

Mwaka 2023 mtoto wa miezi 10 alifariki huku Marekani baada ya kumeza shanga za seti moja ya kuchezea. Septemba seti hiyo ikaondolewa sokoni, na Desemba Amazon, Walmart na Target wakakubali kuacha kuuza shanga za maji zinazotangazwa kwa watoto. Za kupambia vyombo vya maua zimebaki, kana kwamba mtoto mchanga anasoma maandishi ya pakiti! Kwa hiyo hata ukizikuta kwenye chombo cha maua ukumbini kwenye harusi, Nuru asiwekwe chini karibu nazo. Vilevile yale mayai ya kutotoa dinosaria majini na wanyama wa kuvimba: ni jamii hiyohiyo.

Ukishuku tu kwamba amemeza, usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Mpeleke hospitali, na kama pakiti ipo, nenda nayo. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni shanga ya maji, na kwamba eksirei inaweza isiionyeshe. Muulize kama ultrasaundi inapatikana. Usione haya kulirudia hilo hata mbele ya daktari mkubwa.

Salim niachie mimi. Nitampigia mwenyewe Jumamosi nimweleze, maana wewe atakubembeleza mpaka ukubali. Namletea matofali ya kujengea, yale makubwa yasiyoenea kinywani mwa Nuru.

Ni mimi shangazi yako,
Zuhura